Beringi za tela: kufungua, kusafisha, kupaki grisi na kubana nati ipasavyo

Spana_ya_Tela

Wakuu, salaam.

Beringi nyingi za tela zinazofika gereji zimekufa, hazikufa kwa kukosa grisi. Zimekufa na grisi yake ndani. Kilichoziua ni mchanga ulioingia siku ya kufunga, nati iliyobanwa kwa kukisia, sili (pete ya kuzuia grisi isivuje) iliyopigwa nyundo ikapinda, au grisi mbili zisizopatana kuchanganywa. Ndiyo maana naweka uzi huu. Nazungumzia semi-tela ya ekseli tatu, kila ekseli ikiwa na uwezo wa tani 12 hadi 14, breki za dramu, habu (kitovu cha gurudumu) ya grisi. Wenye habu ya oili au tela ndogo tutafika kwao.

Kwanza uelewe kazi ya hicho chuma. Kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, ekseli tatu za tairi pacha zinaruhusiwa tani 24. Kila ekseli tani 8, kila habu tani 4, na tani hizo 4 zinabebwa na beringi mbili tu. Tairi ya 315/80R22.5 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa inazunguka zaidi ya mara 400 kwa dakika, saa baada ya saa, Dar hadi Tunduma. Hapo punje moja ya mchanga ni msasa.

Kabla ya kufungua. Tela isimame mahali pagumu na tambarare, zuia tairi za ekseli nyingine, jeki ikae chini ya ekseli, kisha weka stendi. Usifanye kazi juu ya jeki peke yake. Achia breki ya maegesho. Kama hakuna upepo, funga springi ya chemba ya breki kwa boliti yake. Rudisha slaki (kirekebisha breki) hadi shuu ziachie dramu kabisa. Sasa zungusha tairi kwa mkono usikilize. Ukisikia mkwaruzo, au ukiweka mkono kwenye springi ya ekseli ukahisi mtetemo, beringi imeshaanza kuchimbika. Kisha shika tairi juu na chini uitikise. Ikicheza, mwambie utingo akanyage breki: mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki tafuta kwenye bushi na springi.

Kufungua. Futa kifuniko cha habu na eneo lote kabla ya kugusa boliti, maana vumbi lililo nje ndilo linaloingia ndani. Toa kifuniko, kotapini au kifungio cha nati, nati, washa, koni (sehemu ya beringi yenye rola) ya nje, halafu vuta habu. Ukiwa unafungua habu mbili au zaidi, kila habu iwe na beseni lake. Koni iliyotumika inarudi kwenye kikombe chake (pete ya nje ya beringi, iliyokaa ndani ya habu) ilichozoeana nacho, haihamishwi.

Kusafisha. Chota grisi ya zamani yote kwa kipande cha mbao, kisha osha kwa mafuta ya taa au dizeli safi na brashi isiyoacha nyuzi. Petroli iache, ni hatari ya moto. Toa grisi yote ya ndani ya habu pia, si ya kwenye beringi tu. Kausha kwa kitambaa safi. Ukitumia kompresa, shika koni isizunguke: beringi kavu ikizungushwa kwa upepo inajikwaruza, na rola zinaweza kuruka zikakuumiza. Isubiri ikauke kabisa, kwa sababu mafuta ya taa yaliyobaki kati ya rola yanayeyusha grisi mpya.

Kupaki. Weka grisi kwenye kiganja, shika koni upande mpana ukielekea kiganjani, ukandamize ukingo wake kwenye grisi mpaka uone grisi inatokea upande mwembamba katikati ya rola. Sogeza kidogo, rudia, mpaka umalize mzunguko mzima. Kisha paka kwa nje. Kuipaka juu juu bila kuisukuma ndani ya keji, yaani fremu inayoshika rola, si kupaki. Ndani ya habu weka mkanda wa grisi kuizunguka nafasi iliyo kati ya vikombe viwili, kimo chake kifikie ukingo wa ndani wa kikombe. Mkanda huo unazuia grisi ya kwenye rola isikimbie. Kwa jumla nafasi ya ndani ijae kama theluthi moja. Kwa habu ya ekseli ya tani 13, nusu kilo ya grisi, pamoja na iliyo kwenye koni zote mbili, inatosha.

Paka utando mwembamba kwenye spindo (mhimili ambao habu inazungukia) isipate kutu, na mdomo wa sili upate grisi kidogo usije ukaungua dakika za kwanza.

Sili. Mpya kila ukifungua. Mdomo wenye springi unatazama ndani, kwenye grisi. Iingize kwa chombo chake au bomba lenye kipenyo sawa na ukingo wa nje wa sili, ukigonga sawasawa. Kabla ya hapo pitisha ukucha kwenye sehemu ya spindo ambayo sili inakaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya nayo itavuja tu, kwa hiyo shughulikia mfereji kwanza.

Kubana nati. Hapa ndipo beringi nyingi zinapouawa, soma polepole. Kuna mifumo miwili utakayokutana nayo mara nyingi.

Nati moja ya kasri (yenye mapengo ya kupitisha kotapini), kama kwenye ekseli za zamani za BPW ya Ujerumani na zinazofuata mtindo huo: bana hadi Nm 150 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) huku mwenzako anazungusha habu muda wote, kisha rudisha nyuma hadi tundu la kotapini linalofuata, isizidi nyuzi (digrii) 30. Funga kotapini.

Nati mbili na washa ya kufungia, kama kwenye ekseli za mtindo wa Kimarekani: nati ya ndani bana hadi Nm 270 ukizungusha habu, legeza mzunguko mmoja mzima, bana tena hadi Nm 68 ukizungusha, kisha legeza robo mzunguko. Weka washa, bana nati ya nje kwa kipimo cha mtengenezaji, ndipo upime mchezo. Unaotakiwa ni milimita 0.025 hadi 0.127.

Habu kuzungushwa wakati wa kubana si pambo. Rola zisipozunguka hazikai kwenye ukingo wake, spana inakuonyesha namba sahihi wakati beringi bado imekaa upande. Ukitembea kilomita chache zinajipanga, na nati yako inakuwa imelegea.

---

Tanboi_wa_Malaba

Asante sana mkuu, nimeihifadhi. Swali la grisi yenyewe. Madukani kuna nyekundu, bluu, ya kahawia, nyeusi. Muuzaji anasema nyekundu ndiyo ya beringi na nyeusi ni ya chesisi. Ni kweli?

---

GrisiNaMoto

Ndugu, rangi haikuambii kitu. Ni rangi ya kutia tu, kila kampuni inatia yake. Soma maandishi ya kopo.

Unatafuta mambo matatu. Uzito, yaani ulaini au ugumu wa grisi: NLGI 2. Sabuni yake, yaani kinachoyashika mafuta yawe grisi: lithiamu kompleksi, au kalsiamu salfoneti kama tela inapita kwenye maji mara kwa mara. Kiwango cha kudondoka, yaani joto ambalo grisi inaanza kuwa majimaji: kwa lithiamu kompleksi kawaida ni nyuzi 250 na zaidi, wakati lithiamu ya kawaida inaanza kudondoka karibu na 190. Tofauti hiyo ina maana kwenye tela, kwa sababu joto la dramu linahamia kwenye habu. Kopo likiandikwa GC-LB, grisi hiyo imepimwa kwa beringi za magurudumu na kwa chesisi pia.

Nyeusi mara nyingi ina molibdenamu au grafaiti. Ni nzuri kwa sahani ya kingpini (inayounganisha tela na kichwa), pini za springi na bushi, sehemu zinazosuguana polepole chini ya mzigo mzito. Rola zinatakiwa zibingirike, hazihitaji hiyo.

Sumu kubwa ni kuchanganya. Grisi ya poliyurea au ya udongo wa bentonaiti ikikutana na ya lithiamu, mchanganyiko unaweza kulainika ukawa kama uji, ukatoka wote kupitia sili. Kama hujui iliyomo ni ipi, osha yote. Kuongeza mpya juu ya usiyoijua ni kucheza kamari na tani 4.

---

Kipimo_Safi

Niongezee sehemu ya kukagua, maana Spana ameipita haraka, na hapo ndipo beringi inakusimulia kilichoipata. Osha, kausha, peleka kwenye mwanga wa jua, geuza koni taratibu uangalie rola moja baada ya nyingine, kisha kikombe.

Rangi ya majani makavu au kahawia hafifu: kumekuwa na joto, au grisi imeacha utando. Jaribu kufuta kwa mafuta ya taa. Ikifutika ni grisi tu. Rangi ya bluu au zambarau kwenye chuma chenyewe: chuma kimepoteza ugumu wake, tupa, hata kama uso ni laini kama kioo. Sababu ni nati iliyobanwa mno, ukavu, au breki iliyokuwa inakwama.

Mistari myeusi kwenye kikombe iliyoachana sawasawa na nafasi za rola: maji yalikaa wakati tela imeegeshwa. Hiyo mistari ikishapata kina, chuma kitaanza kumegeka kuanzia hapo.

Magamba yaliyobanduka upande mmoja tu wa kikombe: kikombe kilikaa upande, au kuna taka nyuma yake. Magamba kwenye ukingo wa njia ya rola, pamoja na keji iliyoliwa: nati ilikuwa imelegea, habu ikawa inayumba.

Vidoti vidogo vingi mithili ya ngozi iliyokunwa: uchafu laini, vumbi la barabara au la lainingi za breki.

Ukiona kasoro yoyote ya hizo kwenye koni, badilisha na kikombe chake. Koni mpya juu ya kikombe kilichochimbika haidumu.

---

SafariNdefu_TZ

Wakuu, gereji nyingi za njiani hazina spana ya kupima nguvu wala geji ya saa ya kupimia mchezo. Fundi anabana kwa bomba refu, anarudisha kidogo, anasema tayari. Hapo mwenye gari afanye nini?

---

Spana_ya_Tela

Nunua spana ya kupima nguvu, uitunze kwenye kichwa cha gari. Bei yake haifiki ya habu moja iliyoungua pamoja na spindo. Nasema hivyo kwa sababu mkono hauwezi kupima hizi namba. Fanya hesabu: uzi wa nati ukiwa wa milimita 2 kwa mzunguko, nyuzi 30 ni milimita 0.17. Ukirudisha nyuzi 90 kwa kukisia, umefungua nusu milimita. Nusu milimita kwenye nati moja yenye kotapini ni habu inayoyumba, sili inayovuja na lainingi zinazoliwa upande.

Geji ya saa ina kitako cha sumaku. Kitako kinakaa kwenye uso wa habu, ncha yake inagusa mwisho wa spindo. Unasukuma habu ndani huku ukiizungusha kushoto na kulia, unasoma. Unavuta nje vilevile, unasoma. Tofauti ndiyo mchezo. Pima kabla ya kurudisha tairi, kwa sababu ukitikisa tairi pacha uzito wake unakudanganya.

Ukiwa huna geji kabisa, walau tenga kinachokubalika na kisichokubalika: habu izunguke kwa kidole bila kusita, na ukiivuta na kuisukuma usisikie mgongano wa chuma. Hicho ni kipimo cha kukufikisha mahali penye geji, kisiwe cha kukufikisha Lubumbashi.

---

GrisiNaMoto

Na mtu asije akafikiri kubana zaidi ndiko usalama. Beringi iliyolegea kidogo inakupa dalili kwa wiki nyingi. Iliyobanwa mno inapata joto, chuma kinatanuka, inabanwa zaidi, inapata joto zaidi. Mzunguko huo unaweza kumaliza beringi safari moja.

---

Nahodha_wa_Mtwapa

Mimi nina tela dogo la boti, ekseli moja, tunashusha boti baharini karibu kila wiki. Beringi zake ni L44649. Grisi inatoka ikiwa na rangi ya maziwa kila nikifungua.

---

Kipimo_Safi

Rangi ya maziwa ni maji ndani ya grisi, na kwako ni ya chumvi. Inavyotokea ni hivi: umeendesha, habu imepata joto, hewa iliyomo imetanuka. Unaizamisha moja kwa moja kwenye maji, habu inapoa ghafla, hewa inasinyaa, na mvuto wake unayanyonya maji kupitia mdomo wa sili. Sili imetengenezwa kuzuia grisi isitoke, mvuto wa kutoka ndani haiuwezi.

Kwa hiyo ukifika ufukweni, acha tela mpaka habu ziwe za baridi mkononi ndipo ushushe. Tumia grisi ya baharini, ya kalsiamu salfoneti ni nzuri sana kwa kazi hiyo. Weka sili yenye midomo miwili. Ukirudi, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, lakini usielekeze mashine ya presha kwenye sili.

Kuna vifuniko vyenye springi na nipeli vinavyoweka grisi ya ndani chini ya shinikizo dogo, ili habu ikipoa isukume grisi badala ya kunyonya maji. Vinafaa, ila ukijaza simama pistoni inaposogea nje karibu milimita 3. Ukiendelea kupampu unaisukuma sili itoke nyuma. Na havichukui nafasi ya kufungua na kuosha. Kwa matumizi yako ya kila wiki, mara mbili kwa mwaka.

---

Tanboi_wa_Malaba

Hapo kwenye nipeli. Kuna watu wametoboa habu za semi-tela wakaweka nipeli, wanapampu grisi bila kufungua. Inasaidia?

---

Spana_ya_Tela

Hapana, na naomba waliofanya hivyo wafungue wakague. Grisi mpya inaingia lakini ya zamani haina njia ya kutoka isipokuwa kwenye sili, na nyuma ya sili kuna shuu za breki. Lainingi ikishanyonya grisi haisafishiki, inatupwa, na ekseli hiyo haina breki wakati unateremka Kitonga. Juu ya hayo, habu ikijazwa kupita kiasi rola zinachapa grisi badala ya kubingirika, joto linapanda, grisi inamwaga mafuta yake, kinachobaki ni sabuni kavu.

Kuna ekseli za tela ndogo zenye tundu lililochongwa ndani ya spindo, nipeli yake inapeleka grisi hadi nyuma ya beringi ya ndani kisha inarudi mbele. Hizo zilitengenezwa hivyo na ya zamani inatokea mbele unaiona. Habu iliyotobolewa kwa drili haiko hivyo.

Na habu za oili, zenye kioo cha kutazamia kiwango kwenye kifuniko, zisitiwe grisi. Grisi inaziba njia za oili na beringi ya ndani inakauka.

---

Mchomeleaji_Msafi

Naongeza jambo moja ambalo wachomeleaji wenzangu wanalisahau. Ukichomelea chesisi au bodi ya tela, ardhi ya mashine ifungwe karibu kabisa na unapochomelea, kwenye chuma kilekile. Ukiifunga kwenye dramu au rimu, umeme unapita katikati ya rola na kikombe, unaacha vishimo vidogo vilivyoungua. Baada ya hapo beringi inaunguruma na hakuna grisi itakayoinyamazisha.

Faida ya kuchomelea ipo wakati wa kutoa kikombe kilichokwama. Piga mstari mmoja wa welding kwa ndani kuzunguka kikombe kibovu, uache upoe. Chuma kinasinyaa, kikombe kinatoka karibu bila nyundo. Funika sehemu nyingine za habu cheche zisirukie. Kikombe kipya kiingize kwa fimbo ya shaba au kwa kikombe cha zamani kilichosagwa ukingo wa nje, hadi mlio wa nyundo ubadilike. Kisha jaribu kuingiza filageji (kibamba cha kupimia upenyo) nyembamba kabisa kati ya kikombe na bega lake. Ikiingia popote, hakijakaa.

---

SafariNdefu_TZ

Namba za beringi sasa. Duka moja linanipa 33118, jingine linasema HM218248, wote wanasema ni beringi ya ndani ya ekseli ya tani 13 na zote zinaingia kwenye spindo.

---

Kipimo_Safi

Zinaingia kwa sababu tundu zake zinakaribiana mno: 33118 ni milimita 90, HM218248 ni 89.974. Mkono hautambui. Ila nje ni vitu viwili tofauti. Kikombe cha 33118 kina milimita 150, cha HM218248, yaani HM218210, kina 146.975. Pembe ya rola nayo haifanani, kwa hiyo koni ya huku juu ya kikombe cha kule inabeba mzigo kwenye ukingo tu.

Ekseli za mtindo wa Kijerumani, hata zilizotengenezwa China, kawaida zina 33118 ndani na 33213 nje. Za mtindo wa Kimarekani zina HM218248 ndani na HM212049 nje. Usiagize kwa kutaja tani. Safisha ya zamani, soma namba iliyochongwa kwenye koni na kwenye kikombe, agiza seti nzima.

Na kwa wanaopenda kuongeza mzigo: maisha ya beringi ya rola yanapungua kwa kipeo cha 10/3 cha mzigo. Ongeza asilimia 20, unabaki na kama asilimia 54 ya maisha yake. Zidisha mzigo mara mbili, unabaki na moja ya kumi.

---

SafariNdefu_TZ

Nimeelewa, shukrani. La mwisho: baada ya kufunga, niangalie nini barabarani, na nifungue tena lini?

---

Spana_ya_Tela

Kama tela ina ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge wakati wa breki), kabla ya kurudisha habu sukuma kihisio chake hadi mbele kwa mkono. Habu ikiingia meno ya pete yanakirudisha mahali pake. Hakikisha pete haina grisi wala vipande vya chuma. Rudisha slaki kwenye kipimo, kisha kaza nati za tairi. Kwa boliti za M22x1.5 za rimu inayokaa kwenye habu ni Nm 610 hadi 680, kwa kuvuka katikati. Zikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kituo cha kwanza kifanye hapohapo, kilomita 50. Simama bila kutumia breki kwa nguvu, gusa vifuniko vya habu zote sita kwa mgongo wa mkono, au tumia kipimajoto cha infraredi. Anza kwa kusogeza mkono karibu kabla ya kugusa. Unachotafuta ni habu isiyofanana na wenzake. Zote zikiwa vuguvugu sawa, endelea. Moja ikikataa kuguswa, gusa dramu yake pia: dramu ikiwa ya moto kuliko habu ni breki inayokwama, habu ikiwa ya moto kuliko dramu ni nati au beringi, na hapo usiendelee. Tazama pia ndani ya rimu kama kuna mchirizi wa grisi.

Kufungua tena: kila unapobadili lainingi, hata kama beringi ziko kimya, kwa kuwa habu imeshatoka. Mchezo pima kila miezi sita. Tela ikipita kwenye mafuriko maji yakafika kwenye habu, usisubiri tarehe. Fungua ile iliyozama zaidi kwanza, na ukikuta rangi ya maziwa, fungua zote sita.